Wakili Aliyeniiba

Mimi niliibwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, akili zangu timamu, cheti changu cha taipu kimefungwa sandukuni, na niliibwa mchana kweupe na mtu aliyesomea sheria ng'ambo. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi za mahakama ya Tororo, na karatasi ikishaandikwa nani atabishana nayo? Wajukuu zangu wakiniona nimenuna huulizana, "Leo Nyanya ana nini?" Sina kitu. Nina hasira ya zamani tu, na nimechoka kuitafuna peke yangu.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera ya Uganda na bendera ya Kenya zote bado hazijapauka. Kwetu ni Mulanda, kwa watu wa ulezi na ng'ombe wanaosema Kidhopadhola. Kazi yangu ilikuwa Tororo mjini, katika ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Chumba cha mbele nilikaa mimi na mashine ya taipu. Cha nyuma alikaa wakili.

Alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, kwao ni mwendo mfupi ukishavuka Busia. Siku zile wakili Mwafrika alikuwa kitu cha kutazamwa. Watu walitoka vijijini na kesi zao za mipaka ya shamba na ng'ombe waliopotea, wakifika mlangoni wanamkagua kwanza kuanzia viatu mpaka miwani, ndipo wanamwamkia. Yeye hakuwa na makuu. Alikula karanga kutwa, maganda anayatia mfuko wa koti, na akisimama mahakamani kutafuta kalamu yanatoka kwanza maganda. Barua alinisomea huku anatembea, dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, na akikosea yeye lawama napewa mimi. Wacha bwana! Tuligombana kila siku ya Mungu.

Kazi tuliifanya kwa Kiingereza. Mengine yote tuliyasema kwa Kiswahili, maana yeye Kidhopadhola alijua salamu tu na maneno machache ya kuombea maji, na mimi Kisamia kilinipita masikioni. Kiswahili changu kilikuwa cha Tororo, cha sokoni, kisichojua ngeli. Nikisema, "Kitabu yangu iko wapi?" anasimama katikati ya chumba kama aliyekanyaga mwiba.

"Kitabu changu kiko wapi."

"Hata hiyo yangu inasomeka," namjibu. "Ukinisumbua nitasema vitabu yangu."

Akacheka mpaka karanga ikampalia. Ngeli hizi ninazotumia leo ni zake, moja moja, alinitia kichwani kwa kunicheka. Mpaka sasa nikisema "kisu kikali" hukumbuka sauti yake, na nikikosea hugeuka kuangalia kama kuna mtu wa kunisahihisha.

Mapenzi yenyewe sitayasema sana, wajukuu wangu wanajua kusoma. Nitasema tu kwamba siku moja alikuwa ananisomea barua ya mteja juu ya mtaro wa maji, akanyamaza katikati ya sentensi. Nikangoja, vidole juu ya mashine. Hakuendelea. Nikageuka, kumbe ananitazama. "Tia nukta," akasema, akarudi chumbani kwake. Mtaro ule sijui uliishia wapi.

Alitaka kufuata njia iliyonyooka. Alikwenda Mulanda na mjomba wake kuniomba. Baba akawapa viti, akawapa pombe, akawasikiliza vizuri sana, halafu akakataa. Alikuwa na mtu wake, mjane wa kiume mmoja wa pale senta, penye maduka, mwenye lori na ng'ombe, rafiki yake tangu ujana. Lakini mimi alinipa sababu nyingine. "Yule ni mtu wa ng'ambo ya mpaka. Ukilia kule nani atakusikia? Tena wakili! Mkigombana utamshinda lini?" Mama akainama kuficha kicheko. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikalia, na machozi ya siku hiyo yalikuwa ya kweli.

Sasa sikilizeni hapa, maana kesi nzima iko hapa. Kwetu baba akikataa na binti anataka, mambo hayajaisha. Binti huvutwa. Ndugu za mwanamume humvizia njiani, kisimani au akitoka sokoni, wakamshika kifundo cha mkono wakamvuta mpaka kwao. Kesho yake mjumbe huja kwa baba: usimtafute mtoto wako, yuko kwetu. Baba hufoka, hutukana, hutaja ng'ombe, na akishataja ng'ombe amekubali. Mama yangu mwenyewe alivutwa. Kuna kuvuta kubaya, nakujua, kwa wasichana wasiotaka, na huko sikusifu hata kidogo. Kwangu haikuwa hivyo. Mimi nilipanga mwenyewe.

Nilimwambia pale ofisini, mashine nimeshaifunika. Akavua miwani.

"Yaani nikuibe?"

"Univute."

"Kisheria ni kitu kimoja."

"Basi kaa na sheria yako, mimi niolewe na lori."

Akatembea kwenda dirishani, akarudi. "Kwetu," akasema, "msichana akipenda huondoka kimya kwa miguu yake, asubuhi wanakuta kitanda kitupu."

"Kwetu huo ni umalaya," nikamwambia.

Nikampa siku, Jumamosi. Nikampa njia, ile ya kisimani. Nikampa saa, saa kumi, wanawake wanapochota maji. Hata rangi ya gauni nilimwambia. Jambo moja tu sikumwambia: kwamba nitalia.

Nani humweleza mwenzake jambo kama hilo? Kwetu anayevutwa hulia. Hulia kwa nguvu zake zote, hung'ata, hupiga mateke, ili watu wote wasikie kwamba huyu alilelewa, hakujipeleka. Akifika kwa mume hutazama ukuta. Siku tatu hali chakula, hamjibu mume hata neno. Ndiyo adabu. Ukienda kimya wewe ni bure kabisa, na mama yako atasemwa kisimani mpaka kaburini. Nilidhani kila mtu anajua, kwa kuwa kila mtu niliyemjua alijua.

Jumamosi ikafika. Alikuja na binamu zake wawili, wenye miili, yeye akabaki kando ya gari lake dogo barabarani. Jamani, nililia! Mama alikuwa uani anaanika ulezi, na baadaye aliniambia kwamba aliposikia sauti yangu alijivuna. Binamu mmoja nilimng'ata mkono mpaka akamwita mama yake. Mtungi wangu ukavunjika. Wanawake wenzangu wakawarushia madongoa ya udongo kama inavyotakiwa, na wawili wao walikuwa wanacheka.

Garini niliendelea, leso usoni. Tukafika mahali, wakili akasimamisha gari akageuka nyuma. "Umebadili nia?" akaniuliza. "Sema tu, nitakurudisha." Nikazidisha kilio. Ningefanyaje, na binamu zake wamekaa kulia na kushoto wanasikia? Mmoja akamfokea, "Twende, watu wanakuja na mapanga!" Kweli nyuma yetu watu walikuwa wanakuja wanakimbia. Akaondoa gari. Ile dakika moja aliyosimama kisha akaondoka, nadhani hakujisamehe kamwe.

Busia pale mpakani kulikuwa na mti uliolazwa barabarani na askari mmoja. Akainama dirishani. "Huyu mama analia nini?" Wakili, mtu wa kujaza mahakama kwa maneno, akatia mkono mfukoni yakatoka maganda ya karanga. Askari akanitazama nilivyojifunika, akacheka. "Aa, bibi harusi! Pita, pita." Ndivyo nilivyotoka Uganda.

Kwa mama yake nilipewa chumba safi, kitanda cha chuma, shuka jeupe. Nikakaa nikatazama ukuta. Mama yake alikuwa mtu wa upole, akaniletea samaki wa ziwani na ugali wa mtama, harufu ikanipanda mpaka kichwani. Sikugusa. Jioni akaleta tena, sikugusa. Haki ya Mungu, njaa ile ningekula hata mkeka. Kesho yake mchana wakili mwenyewe akaja mlangoni, hakuingia. "Nikurudishe kwenu?" akasema. "Neno moja tu linatosha." Nikajigeuza vizuri zaidi upande wa ukuta, nikang'ata leso nisicheke. Nilidhani anacheza ngoma tunayoicheza wote wawili. Nilimsifu moyoni: mtu wa ng'ambo, lakini ona anavyojua!

Sikuwahi kuwa na furaha kama zile siku tatu, na tumbo langu tupu. Nilisikia viatu vyake uani, nilisikia anakohoa, nilisikia anampigia mama yake stori kwa Kisamia kwa sauti ya chini, nisiyoelewa. Nikahesabu: kesho kutwa nitakula, nitageuka, nitamwambia "vitabu yangu" nione atakavyosimama. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima yamenijaa mdomoni. Hata sasa, mzee nilivyo, nikilala mchana nikageukia ukuta, moyo wangu hurudi kule kungoja.

Siku ya nne asubuhi mama yake alikuwa amechinja kuku, nami nikadhani ndiye yule wa kwetu wa kumfungua bibi harusi mdomo. Kuku bado yuko jikoni, polisi wakaingia. Mjumbe wa kina wakili alikuwa amefika Mulanda akakuta baba hayupo, kumbe yule rafiki wa lori alishampakia akampeleka kituo cha polisi Tororo. Huko baba alisema kwa Kiswahili chake, "Hii mtu ameiba mtoto yangu, amepeleka Kenya." Nako wakaandika. Wakamchukua mwenzangu mbele ya mama yake. Alipopita mlangoni kwangu alisema kwa sauti, "Samahani." Nikashangaa, samahani ya nini?

Mimi walinirudisha Mulanda. Shitaka lenyewe nililijua, nilikuwa nimewahi kupiga taipu mashitaka mengi. Kumteka mtu na kumvusha mpaka wa nchi bila ridhaa yake. Mtu akipatikana na hatia hufungwa miaka, na akiwa wakili joho lake ndilo basi tena. Lakini mimi sikuogopa. Nilijua watafika mbele ya hakimu, wataniuliza, mambo yatakwisha, baba atataja ng'ombe.

Siku ya kesi watu walijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa Mzungu mzee mwenye mafua. Mwenzangu alisimama kizimbani bila tai, alikataa wakili mwingine, alisema atajisimamia mwenyewe. Baba alikaa mstari wa mbele, kofia yake magotini. Mama nyuma yake na wanawake wa kwetu. Nikaulizwa nitasema lugha gani. Ningeweza Kiingereza, lakini ningekisema vipi Kiingereza mbele ya baba, kama ninamsengenya? Nikasema Kidhopadhola. Mkalimani alikuwa mtu wa kwetu, mwalimu wa dini, anayejua mila zetu zote.

Mwendesha mashitaka akauliza, ulikwenda kwa hiari yako?

Sasa niambieni. Baba yangu amekaa pale. Kwa lugha yetu hakuna njia ya mwanamke kusema "nilikwenda mwenyewe" isiyokuwa tusi kwa waliomzaa. Maneno ni yale yale wanayoitwa nayo malaya wa senta. Nikajibu kama mtoto wa watu: "Nilivutwa." Mkalimani akageuza, nami Kiingereza nakijua, nikasikia anasema nilikokotwa. Alikuwa hajasema uongo. Alitafsiri neno, akaacha mila ndani ya neno.

Ulilia? Nililia. Ulipiga mateke? Nilipiga. Ulikula chakula chake? Sikula. Ulizungumza naye? Hapana. Alikuuliza kama unataka kurudi? Aliniuliza. Ukamjibu nini? Sikumjibu. Wanawake wa kwetu waliguna kwa kuridhika kila nilipojibu. Kwa masikio yao nilikuwa nasifiwa.

Hakimu akamwambia mshitakiwa aniulize maswali yake. Akasimama. Nikasema moyoni, haya sasa, niulize nani alichagua siku, niulize nani alikutajia rangi ya gauni. Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na hapo ndipo nikaona: mtu huyu haigizi. "Sina swali," akasema, akakaa.

Mungu wangu! Aliamini. Aliamini kwamba nilibadili nia pale njiani, kwamba alinichukua nalia kweli, kwamba nililala kwa mama yake siku tatu nikiwa mfungwa. Alikuwa amejihukumu kabla ya hakimu. Kesi ikaahirishwa wiki moja, wakamrudisha rumande.

Nyumbani Mama alinikaribisha kwa chai ya maziwa. "Umesema vizuri, mwanangu."

"Mama, watamfunga."

"Nani amfunge? Wazee wamekaa, wamesikia umelelewa. Sasa watataja ng'ombe."

"Mama, pale hakuna wazee. Pale kuna Mzungu na kitabu."

Akaacha kukoroga. Nilimweleza mara tatu ndipo akaelewa, na alipoelewa aliniangalia kwa huruma iliyonitisha. Nilijaribu kumpelekea wakili barua kule rumande, wakanirudisha: shahidi haruhusiwi kumwona mshitakiwa. Wiki nzima nilifua nguo zilizokuwa safi.

Ulimi hauna mfupa, husemwa, lakini wangu ulikuwa nao, na mfupa wenyewe ulikuwa lugha ya mama yangu. Nikafikiri, nitayasema kwa lugha gani? Kidhopadhola haiwezekani, ningemuua baba. Kiingereza ni kumficha, na akija kuambiwa barabarani itakuwa mbaya zaidi. Nikabaki na Kiswahili. Kiswahili chetu hakina baba wala mama. Ni cha sokoni, cha askari, cha wapiga mataruma ya reli. Kwa Kiswahili nimesikia watu wazima wakisema mambo ambayo kwao wangekatwa ulimi, na wanakwenda nyumbani wanakula salama. Hakuna mtu aliyewahi kulaaniwa kwa Kiswahili pale Tororo. Na baba atasikia kila neno.

Siku ya hukumu, kabla hakimu hajapangusa pua, nikasimama kule nyuma. "Bwana Hakimu, naomba kusema tena." Watu, mmh! Mwendesha mashitaka akapinga, hakimu akafikiri, akaniita. Lugha? "Kiswahili." Mkalimani akanitazama kwa mshangao. Mimi nikashika mbao za kizimba, nikasema, na kwa hofu ngeli zote zikanikimbia.

"Mimi ndiyo nilipanga. Mimi nilimwambia siku, nilimwambia njia. Hii mtu hakuiba mimi. Mimi nataka yeye. Nilikuwa nataka yeye tangu zamani."

"Kama ulimtaka," hakimu akauliza kupitia mkalimani, "kwa nini ulipiga kelele mpaka Busia?"

"Kwani mimi malaya, niende nacheka?"

Mahakama ikaangua kicheko, hata askari wa mlangoni. Mkalimani alichukua muda mrefu kueleza hilo, na safari hii alieleza yote, kilio, ukuta, siku tatu, kuku. Wakamwita yule askari wa Busia, akakubali kwamba yeye aliona bibi harusi tu, kama anavyowaona kila mwaka. Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamwachia huru.

Baba alivaa kofia mle mle ndani, akatoka bila kugeuka. Miaka miwili hakunisemesha. Hilo nilikuwa nimeshalilipia moyoni, sikulia. Nilikimbia kwenda barazani alikokuwa wakili anatia sahihi ya kutokea, anarudishiwa mkanda wake na miwani. Nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Asante," akasema. "Umeniokoa, na sikustahili."

"Si kukuokoa. Nimesema kweli."

Akatikisa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama siku zote. "Siku ya kwanza ulisema kwa lugha ya mama yako. Leo umesema kwa Kiswahili. Mimi kazi yangu ni mashahidi. Mtu akiwa na la kweli hulisema kwa lugha aliyonyonya nayo. Akitaka kudanganya, hata kwa huruma, huomba kuhama lugha."

"Siyo mimi!" nikasema. "Kwangu ni kinyume!"

"Basi niambie sasa hivi kwa Kidhopadhola. Kwamba unanitaka. Ni maneno matatu tu, nitayaelewa."

Mama alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, na wanawake wa kisimani, na baba yangu anafungua baiskeli yake chini ya ngazi. Nikafungua mdomo. Nawaapia, maneno niliyajua. Nilikuwa nayo. Nikasikia jinsi yatakavyosikika pale hewani, kwa sauti yangu, masikioni mwa mama aliyejivuna aliposikia nalia, na mdomo ukabaki wazi bila kitu. Ndipo nikafanya la pekee lililobaki. Nikamnyooshea mkono, kifundo juu, hivi, kama anavyotolewa mtu wa kuvutwa. Nikasema rohoni, shika. Nivute mbele yao wote, sitalia hata kidogo.

Akautazama mkono wangu. Akaupokea, akaupa salamu ya mkono, mara mbili, kama alivyowaaga wateja wake wote kesi ikiisha. "Uko huru," akasema. Akashuka ngazi akaenda.

Ofisi aliifunga mwezi ule ule. Mashine ya taipu alimwachia Mhindi anipe, nikaikataa, halafu nikaifuata siku tatu baadaye nikakuta imeuzwa. Niliandika barua mbili kwenda kwao Busia. Niliziandika kwa Kiswahili, mjinga mimi, maana Kidhopadhola asingeweza kukisoma. Hakujibu. Baadaye niliolewa na mtu mwema, si yule wa lori, na simsemi vibaya marehemu. Alikuja kwa mlango wa mbele na wazee wake, nikaenda kwake kwa utaratibu, kila kitu sawa. Naye aliwahi kuniuliza mara moja tu kwa nini nikilala lazima nigeukie ukuta.

Miaka ilipita mingi. Siku moja nilikutana sokoni Busia na karani aliyewahi kufanya kazi naye upande wa Kenya. Tukazungumza, mimi napatana bei ya dagaa. Akaniambia wakili alifariki. Akaniambia alikuwa mtu wa ajabu, maisha yake yote alizitafuta kesi za wasichana waliovutwa bila kutaka, akawapigania mpaka kwa mababa zao. Na kila msichana aliyekaa mbele yake, kabla hajaandika chochote, alimwambia: mwanangu, niambie kwa lugha ya mama yako. Makarani wakimuuliza kwa nini anajichosha hivyo, alijibu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumwiba binti wa watu kule Tororo, na binti yule alimsamehe kwa uongo.

Niliweka dagaa chini. Mjinga wee! Na miwani yako, na ngeli zako! Wale wasichana walipata mtetezi, nami nashukuru, sitasema hapana. Lakini mtu huyo alikwenda kaburini akidhani kwamba siku ile pale barazani alinirudisha kwa baba yangu.

Hakunirudisha. Mpaka leo nimegeukia ukuta ule.